Nyekundu Ipi?

Mjomba alirudi safari akanitupia kisanduku mapajani. "Haya bwana msomi, kazi yako hiyo." Kufungua, nakuta vipande vya plastiki ya kijivu, mabawa mawili, mkia, propela, kioo cha rubani, na rubani mwenyewe mdogo kama punje ya mchele. Ilikuwa ndege ya kivita ya Marekani, P-51 Mustang, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Ndege yenyewe ilikuwa na mita 11 na ushee kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Yangu haifiki sentimita 16. Inakaa kiganjani.

Washkaji wa mtaani walinicheka sana. "Kijana mzima unacheza na vindege?" Nikawaambia sichezi, natafiti. Wakazidi kucheka. Lakini, ndugu msomaji, nakuambia kweli: kile kisanduku kimenifundisha historia kuliko madaftari yangu yote ya kidato cha tatu. Na kilinifundisha kwa kunitia aibu.

Kwenye karatasi ya maelekezo palikuwa na picha ya ndege yenye mwili wa rangi ya fedha na mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva. Chini pameandikwa: kundi la 332, kikosi cha 302, Italia, Aprili 1945. Nikajua mara moja. Hawa ndio wale marubani weusi wa Tuskegee! Nilishawaona kwenye filamu, nikawazimia. Basi kabla hata sijafungua gundi nilikata kadi kwenye boksi la viatu, nikaandika kwa wino mweusi maneno ya kuweka chini ya ndege: HAWAKUPOTEZA HATA NDEGE MOJA YA MABOMU.

Hiyo kadi ikumbuke. Tutairudia.

Walikuwa nani?

Kwa asiyewajua, nieleze kwa ufupi. Jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia lilikuwa limetenganisha watu kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1925 chuo chao cha vita kilitoa ripoti iliyodai kuwa mtu mweusi hana akili wala ujasiri wa kutosha kwa kazi nzito za kijeshi. Sembuse kurusha ndege! Kwa hiyo ulipofunguliwa mwaka 1941 mpango wa kuwafunza marubani weusi huko Tuskegee, jimbo la Alabama, wengi waliuita majaribio tu, na wapo waliongojea kwa hamu majaribio hayo yashindwe.

Darasa la kwanza lilikuwa na watu 13. Tarehe 7 Machi 1942 walihitimu 5. Mmoja wao alikuwa Benjamin O. Davis, ambaye tayari alishapitia chuo cha kijeshi cha West Point, akahitimu mwaka 1936. Pale West Point wanafunzi wenzake walimsusa miaka yote minne. Hawakuzungumza naye ila kwa mambo ya kazi, chakula alikula peke yake, chumbani alilala peke yake. Hebu jiweke mahali pake. Miaka minne! Huyo ndiye aliyekuja kuwa kamanda wa kundi la 332.

Kikosi cha kwanza kwenda vitani kilikuwa cha 99, kilichofika Afrika Kaskazini mwaka 1943 na ndege za P-40. Baada ya miezi michache tu ikapelekwa juu ripoti kwamba hawafai, waondolewe mstari wa mbele. Ikabidi Davis asimame Washington, Oktoba 1943, kuwatetea vijana wake. Kisha mwishoni mwa Januari 1944, juu ya Anzio kule Italia, kikosi hicho cha 99 kiliangusha ndege za Wajerumani zaidi ya 10 kwa siku mbili. Maneno ya kuwarudisha nyumbani yakapoa.

Kundi la 332 lenyewe, lenye vikosi vya 100, 301 na 302, lilifika Italia mwanzoni mwa 1944. Kikosi cha 99 kiliungana nalo Julai mwaka huo, kwenye uwanja wa Ramitelli karibu na bahari ya Adriatiki. Kazi yao kubwa ikawa kusindikiza ndege kubwa za mabomu hadi ndani ya Ujerumani na nchi za jirani, na kuzilinda dhidi ya ndege za adui.

Mkia ulikuwa na kazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani mkia ule ulipakwa nyekundu kwa mbwembwe, kama daladala inavyopambwa. Kumbe ilikuwa amri ya kazi.

Fikiria uko ndani ya ndege ya mabomu, mita elfu kadhaa juu ya ardhi, umeshika bunduki, baridi inakata vidole. Mbali kinatokea kitu chembamba chenye pua ndefu, kinakuja kasi. Je, ni Mustang inayokuja kukulinda, au ni Messerschmitt Bf 109 inayokuja kukuua? Kwa mbali ndege hizo zilifanana sana. Una sekunde chache tu za kuamua. Ukikosea upande mmoja umemuua mwenzako, ukikosea upande wa pili umekufa wewe.

Ndiyo maana makundi ya Mustang ya jeshi la anga la 15 kule Italia yalipewa kila moja mkia wake. Kundi la 31 lilipaka mistari myekundu ya mshazari. Kundi la 52 mkia wa njano. Kundi la 325 miraba ya njano na nyeusi kama ubao wa drafti. Na kundi la 332, nyekundu tupu. Kwa hiyo rangi ile haikuwa ya kuwatenga weusi, wala haikuwa ya kuwasifu. Ilikuwa jibu fupi la swali la mtu aliyeshika bunduki: wewe ni nani? Sifa zilikuja baadaye, pale rangi ilipoanza kuzoeleka machoni mwa wale waliokuwa wakilindwa.

Na ndani ya nyekundu mlikuwa na alama nyingine. Nyuma ya mabawa madogo ya mkia kuna vibapa vidogo vya kurekebishia ndege isielemee upande. Kwa kawaida kikosi cha 99 kilivipaka nyeupe, cha 100 nyeusi, cha 301 buluu, cha 302 njano. Kwenye modeli yangu kibapa kimoja ni chembamba kama kijiti cha kiberiti kilichochongwa. Lakini ukikosea rangi ya hicho kijiti, umemhamisha mtu kikosi. Umemtoa kwa wenzake waliokula naye na kuzikana naye.

Hapo nikaanza kuiangalia ile karatasi ya maelekezo kwa jicho jingine. Vibapa vya njano, kikosi cha 302, sawa. Lakini Aprili 1945? Nikasoma, nikarudia kusoma. Kikosi cha 302 kilivunjwa Machi 1945! Karatasi niliyoiamini kama msahafu ilikuwa inarusha ndege ya kikosi ambacho hakipo. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilijiuliza: kama hili limekosewa, mengine je?

Picha haisemi uongo, ila inaficha

Nikaamua kutafuta picha za wakati ule. Kwa bahati nzuri zipo. Machi 1945 mpiga picha mmoja mwanamke, Toni Frissell, alikwenda Ramitelli akawapiga picha marubani wale wakijiandaa, wakisikiliza maelekezo, wakisimama kando ya ndege. Leo picha hizo ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, na mtu yeyote anaweza kuziona kwenye mtandao. Nililipia saa nzima ya kompyuta kuzikodolea macho.

Picha nzuri kupita kiasi. Lakini ni za rangi nyeusi na nyeupe! Mimi natafuta nyekundu, napewa kijivu.

Hapa ndipo mtafiti anapohitaji adabu. Filamu haioni rangi kama jicho lako. Filamu za aina ya zamani hazikuiona nyekundu kabisa, ikatoka nyeusi tii. Zile zilizokuja baadaye ziliiona, lakini nyekundu na buluu zaweza kutoka kijivu kile kile, kutegemea filamu, jua, na kioo cha rangi ambacho mpiga picha aliweka mbele ya lenzi. Kwa hiyo ukinionyesha kijivu cha zamani ukaniambia "hii ni nyekundu ya damu ya mzee, si ya pilipili", mimi nitakuuliza umejuaje. Picha itakuambia wapi rangi inaanzia na wapi inaishia, herufi zina ukubwa gani, kibapa ni cheupe au cheusi. Haitakuambia rangi yenyewe.

Jambo la pili: picha huonyesha ubavu mmoja. Ubavu wa pili umejificha, na si lazima ufanane na wa kwanza. Jina la rubani laweza kuwa kushoto na jina la fundi wake kulia.

La tatu ndilo lililonifunza zaidi. Iko picha ya kanali Davis na mwenzake Edward Gleed wamesimama kando ya Mustang iliyoandikwa Creamer's Dream. Mtu mvivu ataandika: hii ndiyo ndege ya Davis. Lakini ndege hiyo kwa kawaida ilirushwa na rubani mwingine, Charles White. Si unajua na sisi tunavyopiga picha? Mtu anaegemea gari la tajiri aliyepaki mtaani, wiki ijayo picha iko kijijini, na bibi anasimulia majirani kwamba mjukuu ana gari.

Na ndege zilizokarabatiwa nazo zinaweza kukupoteza. Ipo Mustang ya Marekani, namba 42-103645, iliyopakwa mkia mwekundu ikapelekwa kwenye maonyesho mengi kuwakumbuka vijana wa Tuskegee. Kazi nzuri sana. Lakini ndege ile yenyewe haikupigana na kundi la 332. Ukiinakili, umenakili ukumbusho. Hujanakili ushahidi.

Anza na tarehe

Basi ufanyeje? Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kuuliza rangi, uliza tarehe. Alama za ndege zilikuwa zikibadilika kama nauli.

Chukua nyota nyeupe ya Marekani. Mwanzoni mwa vita ilikuwa na duara jekundu katikati. Mei 1942 duara likafutwa, maana lilichanganywa na jua jekundu la Wajapani. Juni 1943 nyota ikaongezewa mikono miwili myeupe pembeni, na mzunguko mwekundu wa nje. Kabla mwaka haujaisha mzunguko huo nao ukabadilishwa kuwa wa buluu. Kwa hiyo nyota peke yake yaweza kukuambia picha haikupigwa kabla ya mwezi fulani.

Kioo cha rubani vilevile. Mustang za kwanza za kundi hili, Julai 1944, zilikuwa na kioo chenye fremu za chuma. Zile zenye kioo cha mviringo kama povu la sabuni zilifuata baadaye. Yangu ni ya povu. Na mkia mwekundu wenyewe una mwanzo wake: ulianza kwenye ndege za P-47 ambazo kundi lilizitumia kwa muda mfupi katikati ya 1944, kisha ukahamia kwenye Mustang. Kwa hiyo ukiona mtu amepaka mkia mwekundu kwenye P-40 ya kikosi cha 99 ya mwaka 1943, mwambie taratibu, bila kumnyanyasa, kwamba amewahisha historia.

Nikaitupa ile Aprili ya kikosi cha 302. Nikachagua kikosi cha 100, vibapa vyeusi, na tarehe moja kubwa: 24 Machi 1945. Siku hiyo kundi la 332 lilishiriki kusindikiza ndege za mabomu hadi Berlin, safari ya zaidi ya kilometa 2,500 kwenda na kurudi. Huko wakakutana na ndege mpya za Wajerumani zisizo na propela, Me 262, zilizokuwa na kasi kuliko Mustang. Roscoe Brown, Earl Lane na Charles Brantley wakaangusha moja moja. Siku bomba kama hiyo, nani asingeichagua?

Kadi yangu

Sasa turudi kwenye kadi ya boksi la viatu.

Nikajiambia, kama nimeikagua rangi ya kibapa cha ukubwa wa kijiti cha kiberiti, kwa nini sikukagua sentensi yenye maneno sita? Nikafuatilia ilikotoka. Ilikuwa imechapishwa kwenye gazeti la watu weusi la Chicago Defender, kwamba kundi la 332 limefikisha safari 200 za kusindikiza bila kupoteza hata ndege moja ya mabomu. Gazeti la tarehe ngapi? 24 Machi 1945. Siku ile ile niliyoichagua mimi!

Na siku ile ile, karibu na Berlin, ndege tatu za mabomu zilizokuwa chini ya ulinzi wa kundi hilo ziliangushwa na ndege za adui.

Aliyefanya kazi ya kulihakiki dai hili ni mwanahistoria wa jeshi la anga la Marekani, Daniel Haulman, kwenye hifadhi ya kumbukumbu huko huko Alabama. Njia yake haina uchawi. Alichukua ripoti za kila siku za kundi la 332: leo tumesindikiza nani, wapi, saa ngapi. Kisha akachukua ripoti za ndege za mabomu zilizopotea: imeangukia wapi, saa ngapi, imeangushwa na nini. Akaziweka kando kwa kando. Tarehe kwanza, halafu mahali, halafu mashahidi. Ni kazi ile ile ya kibapa, tofauti ni kwamba hapa unahesabu watu.

Alipata ndege 27. Kati ya hizo, 15 zilianguka siku moja, 18 Julai 1944, safari ya kwenda Memmingen, mwezi ule ule vijana walipopokea Mustang. Ndege moja ya mabomu ya aina ile ilibeba watu kama kumi. Zidisha mwenyewe.

Nilikaa na hesabu hiyo usiku mzima. Kusema ukweli niliona kama nimeibiwa. Na sikuwa peke yangu, maana habari hiyo ilipotangazwa mwaka 2006 na baada ya hapo, wapo wazee wa Tuskegee walioumia, na nani atawalaumu? Walipigana na Hitler angani na ubaguzi ardhini, halafu uzeeni mtu anakuja na makaratasi.

Lakini makaratasi yale yale yana namba nyingine. Haulman alihesabu pia makundi mengine ya ndege za kivita ya jeshi la anga la 15. Wastani wao wa ndege za mabomu zilizopotea chini ya ulinzi ulikuwa 46. Arobaini na sita, kwa 27! Yaani vijana walioambiwa hawana akili wala ujasiri walipoteza chache mno kuliko wastani wa wenzao.

Sasa niambie, ipi ni sifa kubwa zaidi? Ile ya "hata moja" inadai kuwa walikuwa malaika. Nami nimejiuliza kwa nini tuliihitaji. Nadhani ni kwa sababu mtu mweusi wakati ule hakuruhusiwa kuwa mzuri tu. Ilibidi awe hana kasoro, la sivyo ile ripoti ya 1925 ingepata ushindi. Uongo ule haukuanzishwa na waongo. Ulitoka kwa watu waliobanwa ukutani. Lakini sisi wa leo, tusiobanwa na ripoti ile, kwa nini tuendelee kuulipia? Rubani aliyejitahidi akashindwa siku ya Memmingen, kesho yake akapanda tena ndege, huyo ni binadamu. Naweza kumwiga. Malaika siwezi.

Nikaichana kadi. Nikakata nyingine:

Mustang ya kundi la 332, kikosi cha 100. Ramitelli, Italia, Machi 1945. Ndege 27 za mabomu zilianguka chini ya ulinzi wa kundi lao. Wastani wa makundi mengine ni 46. Wekundu wa mkia ni makisio yangu.

Sentensi ya mwisho iliwafurahisha washkaji kuliko zote. "Yaani umesumbuka miezi yote hiyo, halafu unaandika hujui?" Ndiyo. Nilichanganya nyekundu na tone la kahawia, ifanane na rangi iliyopakwa uwanjani ikapigwa jua na kumwagikiwa mafuta. Ni uamuzi wangu, si ushahidi, na anayesoma kadi ana haki ya kujua tofauti.

Nyumbani kwetu

Mmoja wa wale washkaji aliyenicheka zaidi alinivuta pembeni siku moja. Kwao sebuleni kuna picha ya marehemu babu yake katika sare. Wote nyumbani wanajua tu kwamba "mzee alikuwa Keya", basi, hadithi imeisha. Tukaishusha picha, tukafuta vumbi. Begani mwa mzee kulikuwa na alama ndogo: kichwa cha kifaru.

Kifaru hicho ni alama ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilipigana Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope hadi mto Chindwin. Kwa kipande cha kitambaa begani tukapata divisheni, nchi na mwaka. Rafiki yangu alikaa kimya. Kisha akauliza, "Sasa nani ameandika habari za huyu?"

Ndugu zangu mnaotaka kuwa waandishi, swali hilo ni letu. Wamarekani wana picha za Frissell, wana ripoti, wana mtu wa kuzipanga kando kwa kando. Sisi tuna picha ukutani na wazee wachache sana waliobaki. Leo ukifika nyumbani, ishushe picha. Geuza nyuma usome kama kuna tarehe. Tazama bega, kofia, vifungo. Muulize bibi, andika alivyosema, na pembeni andika kwamba ni bibi ndiye aliyesema.

Na ukifika mahali hujui, andika kwamba ni makisio yako.